Je, Wajua? Kompyuta ya Mfukoni Ilianza na Ubao

Je, wajua kwamba miaka mingi kabla ya simu janja kuenea, kifaa cha mkononi kilichotamba Marekani kilianza kama kipande cha mbao? Jeff Hawkins, mwasisi wa kampuni ya Palm, alichonga kibao cha kuenea mfuko wa shati, akatembea nacho miezi kadhaa. Mtu akimwomba miadi, alikitoa na kujifanya anaandika kwa kijiti cha kulia cha Kichina. Ungemkuta, ungedhani akili zimemruka! Kumbe alikuwa anapima: ukubwa gani unabebeka, na mtu huhitaji nini hasa akiwa njiani. Kifaa chenyewe, kilichoitwa Pilot, kilitoka mwaka 1996, kikitumia betri mbili ndogo za kawaida. Hakikuweza kupiga simu.