Kumi na Wawili, Wakabaki Wawili



Mwaka 1978 alikuwepo kijana Mkenya aitwaye Henry Rono, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State. Chuo hicho kipo Pullman, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ngano, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Mwaka huo, ndani ya siku 81, Rono alivunja rekodi nne za dunia. Ya mita 5,000 aliivunja Berkeley, nyumbani kwa Chuo Kikuu cha California. Ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji aliivunja Seattle, mji wa Chuo Kikuu cha Washington. Vyuo vyote vitatu vilikuwa vya ligi moja, ligi ya pwani ya Pasifiki yenye mizizi ya tangu mwaka 1915.

Siku hizi kila kimoja kiko kwenye ligi yake. Vipi watu waliokaa pamoja miaka mingi hivyo wakatawanyika? Hapo ndipo hadithi yetu inapoanzia.

Kule Marekani michezo ya vyuo si bonanza la mwisho wa muhula. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 100,000, na hujaa. Mchezo unaowajaza ni futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira uliochongoka pande zote mbili. Zamani vyuo vilijiunga katika ligi kwa ujirani: timu ipande treni Ijumaa, icheze Jumamosi, na Jumatatu wachezaji wawe darasani. Wazazi waliweza kwenda kutazama, na watani wa jadi walikuwa wa mji wa pili tu.

Kisha ikaja televisheni. Kwa miaka mingi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ndicho kilichoamua ni mechi zipi zitaonyeshwa na ni mara ngapi. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vikachoka, vikaenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji 7 kwa 2, kwamba NCAA haina haki ya kuhodhi matangazo hayo. Mmoja wa wale wawili waliopinga alikuwa Jaji Byron White, ambaye ujanani alikuwa nyota wa futiboli katika Chuo Kikuu cha Colorado. Mzee alijua mchezo ule kutoka ndani.

Tangu hapo ligi zikaanza kuuza mechi zake zenyewe. Sasa tegeni sikio, maana hesabu yote iko hapa. Tuseme ligi ina vyuo kumi, na fedha za televisheni zikigawanywa kila kimoja hupata dola milioni 30. Chuo cha kumi na moja kinapobisha hodi, televisheni isipoongeza angalau milioni 30 nyingine, wenyeji wote watapunguziwa fungu. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Asiyemponya mwenyeji hafunguliwi mlango, hata awe na timu kali namna gani.

Mtaelewa basi kwa nini ligi ya Big Ten, yenye asili yake katikati ya Marekani, iliipokea Rutgers mwaka 2014. Timu ya futiboli ya Rutgers haikuwa ikimtisha mtu. Lakini Rutgers iko New Jersey, jirani na jiji la New York, na Big Ten tangu mwaka 2007 ilikuwa na chaneli yake. Chaneli ikiingizwa kwenye kifurushi cha televisheni ya kebo, kila nyumba hulipia kila mwezi, itazame isitazame. Kilichonunuliwa, kusema kweli, ni zile nyumba.

Turudi Pasifiki. Ile ligi ilikuwa imefikisha vyuo 12 na kuitwa Pac-12. Tarehe 30 Juni 2022, vyuo vyake viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kuhamia Big Ten kuanzia 2024. Muda mfupi baadaye Big Ten ilitia saini mkataba wa takriban dola bilioni 7 kwa miaka saba na vituo vya televisheni vya Fox, CBS na NBC. Pac-12 nayo ilikuwa inatafuta mkataba mpya, lakini bila Los Angeles ilikuwa kama muuzaji aliyepoteza bidhaa yake bora. Mwaka ukapita. Julai 2023 Colorado ikaaga.

Wakabaki tisa. Mezani kulikuwa na ofa ya Apple: mechi zionyeshwe kwa intaneti, na malipo yategemee watu wangapi watajiunga. Tarehe 4 Agosti viongozi wa vyuo walitarajiwa kukubaliana wabaki pamoja. Hawakukubaliana. Hadi jioni ya siku hiyo watano walikuwa wameondoka: Oregon na Washington kwenda Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah kwenda ligi nyingine, Big 12. Septemba ilipoingia, Stanford na California ya Berkeley nazo zikaenda ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki, ingawa vyuo vyenyewe viko kando ya Pasifiki. Msishangae sana. Big Ten sasa ina vyuo 18, na Big 12 ina 16.

Wengi watawaambia ni tamaa. Mimi naona hofu ilikuwa kubwa zaidi. Oregon na Washington walikubali kuanza na takriban nusu ya fungu wanalopata wenzao. Stanford na California walikubali chini ya theluthi. SMU ya Dallas, iliyoingia ACC pamoja nao, ilikubali kukaa miaka tisa bila fungu la televisheni la ligi hiyo. Mwenye tamaa tupu hasaini hivyo. Anayesaini hivyo ni yule anayeona milango inafungwa na hataki usiku umkute nje.

Na nje kweli kuna baridi. Katika vyuo vingi futiboli, na kidogo mpira wa kikapu, ndiyo inayolisha michezo mingine: kuogelea, voliboli, na hata mbio zilizowapeleka kina Rono kusoma. Fungu la televisheni likipungua, hiyo ndiyo huwa ya kwanza kufutwa.

Lakini ni michezo hiyo hiyo inayoumia zaidi kwa kuhama. Futiboli huchezwa mara moja kwa wiki, mechi kama 12 kwa msimu, na timu husafiri kwa ndege ya kukodi. Mchezaji wa voliboli wa UCLA ana mechi nyingi zaidi, nyingine katikati ya juma. Kutoka Los Angeles hadi Rutgers ni karibu kilomita 4,000, kama kutoka Mombasa hadi Cairo. Saa mbili asubuhi ya New Jersey, mwili wake bado unahesabu saa kumi na moja alfajiri, na kwenye begi ana kitabu cha kemia na mtihani unamsubiri. Kwa maoni yangu wangeiacha futiboli ihame peke yake, hawa wengine wabaki wakicheza na jirani.

UCLA na California ya Berkeley, kwa bahati, ni watoto wa mama mmoja, chini ya bodi moja. Bodi hiyo ikaamua UCLA, aliyeondoka kwanza, amlipe nduguye dola milioni 10 kwa mwaka.

Waliobaki ni Oregon State na Washington State, chuo cha Rono. Hawakuwa wabovu uwanjani. Kosa lao lilikuwa kuwa mbali na miji mikubwa, penye televisheni chache. Wakaenda mahakamani, na mahakama ya jimbo la Washington ikawapa wao wawili usukani wa ligi na wa mali yake.

Mnadhani walifanya nini na usukani huo? Walibisha hodi kwa jirani, ligi ya Mountain West, wakachukua vyuo vitano: Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State na Utah State, vianze nao Julai 2026. Walioporwa wakageuka waporaji. Mountain West naye, kuziba pengo, akaenda kuchukua UTEP ya El Paso, Texas, chuo alichosoma Mtanzania Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Enzi za Nyambui UTEP ilikuwa kwenye ligi ya WAC. Mwaka 2005 ilihamia Conference USA. Mountain West ni nyumba yake ya tatu tangu enzi hizo, na Conference USA nayo ikabaki ikiangalia huku na huku, nani wa kumwita.