Mwaka wa Kwanza wa Ndoa: Shamba, Nyumba na Siku Kuu



Huku kwetu, toka Uvira kufuata barabara ya Baraka mpaka Makobola na mbele yake, arusi nyingi zinafanyika wakati wa kiangazi. Sababu inajulikana. Mwezi wa sita mavuno ya msimu B yameingia nyumbani, njia ni kavu, wanafunzi wako likizo, na ndugu wa mbali wanaweza kufika. Basi bwana na bibi wapya wanaanza maisha yao mwezi wa saba ao wa nane. Majuma machache kisha, mvua inanyesha. Sufuria za kuazima zimerudishwa, wageni wamekwenda, na jembe linangoja.

Ndiyo maana tunasema: mwaka wa kwanza wa ndoa ni mwaka mmoja wa shamba. Lakini ndani ya mwaka ule kuna siku kuu, na zile kubwa, Noeli na Bonane, zinaangukia wakati maharage ya msimu A yanatoka shambani. Sehemu ya maharage yale ndiyo mbegu ya Februari. Anayeila yote katika siku kuu atakopa mbegu Februari, na anayekopa mbegu Februari anamvunia mwingine Juni.

Hatusemi watu wasifurahi. Nyumba isiyo na siku kuu ni nyumba ya huzuni. Tunasema siku kuu iingie katika hesabu ya shamba, na hesabu ifanywe na wote wawili. Tuchukue mfano wa bwana na bibi wa Makobola walioana Julai. Hatuwapi majina, maana wanafanana na wengi.

Julai na Agosti: kuhesabu deni la arusi

Kazi ya kwanza ya nyumba mpya si kununua kitanda. Ni kukaa wawili, mlango umefungwa, na kutaja madeni yote. Bwana aseme nani alimkopesha pesa ya mahari, nani alitoa mbuzi, nani anangoja pesa ya mchele. Bibi naye aseme kama alichukua vikwembe kwa deni. Mara nyingi bwana anaficha kwa sababu ya haya, na bibi anakuja kusikia habari kisimani, toka kwa mke wa mwenye kudai. Hapo ndipo ugomvi wa kwanza unapoanzia.

Tuseme kijana alikopa dola 100 kwa faida ya asilimia 10 kila mwezi. Asipolipa kitu kwa miezi sita, faida peke yake inafika dola 60, na zile 100 zingali pale pale. Kwa hiyo deni lenye faida lilipwe kwanza, na deni la mjomba asiyedai faida lifuate.

Wazee nao wasaidie. Sheria ya familia ya inchi yetu, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaomba bwana na bibi wote wawe na miaka 18 timilifu, na inakubali mahari itolewe kwanza sehemu. Baba mkwe anayekubali sehemu nyingine ingoje mavuno hajajipunguzia heshima. Anamlinda binti yake asianze ndoa na njaa.

Kisha inafika tarehe 1 Agosti, siku kuu ya wazazi. Asubuhi watu wanasafisha makaburi, halafu wanakwenda kuwasalimu wazazi walio hai. Kwa nyumba mpya hii ni siku kuu ya kwanza, na ni ya pande mbili: wazazi wa bwana na wazazi wa bibi. Wapange mapema watapeleka nini. Bidoni ndogo ya mawese na samaki waliokaushwa vinatosha kwa mtu aliyeoa mwezi uliopita. Hakuna mzazi mwenye akili anayengoja ng'ombe.

Septemba: siku ya tatu mpe jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi arusi anajua methali hii kuliko mtu yeyote. Anaamka kabla ya jua, anachota maji, anafagia, anakwenda shamba, anarudi na kuni kichwani, anatwanga sombe, anapika bugali. Muhogo aliouloweka unangoja siku tatu ao ine ulainike, halafu aumenye, aukaushe na kuutwanga. Kama wanaishi bado kwa wakwe, kazi ya mama mkwe nayo inamwangukia. Bwana arudipo toka shamba anakaa kivulini.

Ndugu zetu wanaume, tusikasirike. Tunaongea hesabu. Kama bibi amechoka saa ine ya asubuhi, palizi haiishi kwa wakati, na maharage yaliyopaliliwa kwa kuchelewa hayazai vizuri. Bwana anayechota maji kwa baiskeli asubuhi anaongeza mavuno yake mwenyewe. Wenzake watamcheka juma moja, kisha watazoea.

Sasa shamba. Kipande cha mita 50 kwa mita 50 kinatosha kuanza. Muhogo ukipandwa mita moja kwa mita moja, kipande hicho kinaomba vipande 2.500 vya miti ya muhogo, kila kimoja cha urefu wa sentimeta 20 mpaka 25. Vichukuliwe kwa mashina yasiyo na ugonjwa. Jani lililojikunja lenye mabaka ya njano linaonyesha mozaiki, na shina lile lisipandwe hata kama ni zawadi ya arusi. Katikati ya muhogo wapande maharage. Maharage yanakuwa tayari kwa miezi mitatu hivi, mahindi kwa mine, na muhogo unaomba karibu mwaka mzima. Maharage yatawalisha Bonane ya kwanza, na muhogo utakuwa tayari wakati ndoa inatimiza mwaka.

Oktoba na Novemba: miezi ya kubana

Hii ndiyo miezi inayopima ndoa. Chakula cha kiangazi kinakwisha, cha shamba jipya bado. Shule zimefunguliwa, na wadogo wa bwana wanaleta daftari zao kwa kaka aliyeoa, maana sasa ni mtu mzima.

Hapo bwana wengi wanashuka ziwani kutafuta ndagala. Ni vizuri, lakini ziwa nalo lina kalenda yake. Uvuvi wa taa unapumzika wakati mwezi ni mkubwa, kwa sababu ndagala haziifuati taa kama mbingu yote inawaka. Basi pesa ya ndagala inaingia kwa mafungu, na inatoka kwa mafungu. Mvuvi aliyelipwa anapita kwanza penye kasiksi, na nyumbani anafika na nusu. Bibi naye akiuza sombe na mawese sokoni anaanza kuficha chake, kwa sababu hajui cha bwana kinakwenda wapi. Mifuko miwili ya siri ndani ya nyumba moja ni panya wawili ndani ya ghala moja.

Hatari nyingine ni kuuza muhogo ungali udongoni. Mfanyabiashara anakuja Novemba na pesa mkononi, anaangalia muhogo wa miezi miwili, anatoa bei yake. Mwenye njaa anakubali, na mwaka unaofuata anapita kando ya shamba alilolima akiona wengine wanang'oa. Kabla ya kukubali, zungumzeni wawili, kisha ulizeni koperative. Deni dogo katika kikundi cha akiba ni afadhali kuliko shamba lililouzwa.

Desemba: sanduku linafunguliwa

Vikundi vya akiba na mkopo vya vijiji, vile tunavyoita AVEC, vilianzia inchi ya Niger mwaka 1991. Wanachama wanaweka akiba kila juma, sanduku lina kufuli tatu na watu watatu wanachunga funguo, na mwanachama anaweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake. Mwisho wa mzunguko wanagawana. Vikundi vingi vinapanga mgawanyo uanguke Desemba, ili watu wapate pesa ya siku kuu.

Hapa ndipo nyumba mpya inaweza kusimama ao kuanguka. Pesa inafika siku moja, na siku ileile soko limejaa nguo, mchele wa bonde la Ruzizi, kuku na bia. Kabla ya kutoka nyumbani siku ya mgawanyo, gawanyeni pesa katika mafungu manne, kwa utaratibu huu:

1. Mbegu na vyombo vya msimu B. Maharage ya mbegu yachaguliwe, yakaushwe vizuri, yafungwe, na mfuko ukae mahali ambapo wote wawili wanaujua.
2. Deni lenye faida.
3. Ugonjwa na uzazi. Bibi wengi wanakuwa na mimba mwaka huu wa kwanza, na mtoto hangoji mavuno. Wale wenye MUSO wanajua kazi ya kasha jekundu: ni la msaada wakati wa shida, wakati kasha la kijani ni la akiba na mikopo.
4. Siku kuu.

Siku kuu iko ya ine, lakini iko. Kuku mmoja, mchele, sombe yenye mawese mengi, na nguo moja safi: hiyo ni Noeli. Majirani watasema? Majirani hao hao Februari hawatawapa mbegu.

Kwa wenzetu Waislamu hesabu ni ileile, ila Idi inarudi nyuma siku kumi ao kumi na moja kila mwaka. Basi lazima waangalie kila mara itaangukia palizi ao mavuno.

Bonane ya Makobola

Kuna jambo moja ambalo bibi arusi aliyetoka mbali lazima aelezwe kabla ya mwisho wa Desemba. Mahali pengine usiku wa tarehe 31 ni ngoma mpaka asubuhi. Makobola, siku hizo ni za marehemu pia. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 mpaka siku za kwanza za Januari 1999, raia waliuawa hapa na katika vijiji vya jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inataja zaidi ya watu 800.

Wengi wanaooana leo hawakuwa wamezaliwa. Lakini mama mkwe alikuwepo. Akinyamaza mbele ya sahani ya mchele, bibi kijana asidhani chakula chake kimechukiwa. Akikataa redio ifunguliwe kwa sauti, si ukali. Bwana ndiye wa kumweleza bibi yake mapema majina ya wale waliopotea katika jamaa, na mahali walipozikwa kama panajulikana. Na bibi akiomba kwenda pamoja na mama mkwe kwenye ibada ya ukumbusho, siku hiyo anakuwa mtoto wa nyumba kuliko siku ya mahari.

Siku kuu ya namna hii haiombi pesa nyingi. Inaomba kukaa pamoja. Nyumba nyingi zinafunga mwaka kwa sala, zinakula asubuhi ya tarehe 1 pamoja na wazee, na watoto wanafurahi. Yote mawili yanawezekana ndani ya siku moja.

Februari mpaka Juni: mavuno ya wawili

Februari mbegu ikiwa ndani, msimu B unaanza bila kumpigia mtu magoti. Tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, vikundi vya akina mama vinashona kikwembe cha namna moja. Mama asiye na pesa ya kikwembe asifungiwe njia ya kutembea na wenzake. Kikundi kikubaliane mapema, ama kilipe kidogo kidogo toka Novemba.

Kama mimba imekuwa kubwa wakati wa palizi, bwana achukue mistari ya bibi, na kikundi kiwasaidie siku moja ao mbili. Na safari za kituo cha afya ziandikwe katika kalenda ya kazi kama siku ya soko inavyoandikwa.

Juni mavuno yakiingia, swali ni moja: nani anaamua? Sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016 iliondoa ruhusa ambayo bibi alipaswa kuomba kwa bwana. Sasa wote wawili wanapaswa kupatana. Lakini sheria inawalinda vizuri wale walioandikisha ndoa yao. Ndoa ya kimila ipelekwe kwa ofisa wa serikali ndani ya mwezi mmoja baada ya kufanyika. Bibi ambaye ndoa yake haikuandikwa, bwana akifa, anaweza kusukumwa nje ya shamba alilolipanda kwa mikono yake.

Na katika koperative, tuandike majina mawili. Mwanachama mmoja ana sauti moja; nyumba yenye wanachama wawili ina sauti mbili, na pesa ya mavuno inapolipwa wote wawili wanaona ni ngapi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

- Mwaka jana, ni nyumba ngapi katika kikundi chetu zilikopa mbegu Februari? Mbegu yao ilikwenda wapi?
- Je, mgawanyo wa AVEC ubaki Desemba, ao kikundi kichunge sehemu ya mbegu mpaka mwisho wa Januari?
- Kati ya wale waliooana kiangazi hiki, ni nani hajaandikisha ndoa, na nani anaweza kumsindikiza?
- Wazee, mahari inayobaki inaweza kungoja mavuno gani?