Kupiga Feni Dairekti ni Kuuficha Ugonjwa wa Gari

Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa mara tu likishika mwendo limekwisha kueleza nusu ya ugonjwa wake. Likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta bila msaada wa chochote. Likisimama kwenye foleni ya Mwenge au ya Thika Road, hakuna upepo isipokuwa ule unaovutwa na feni. Kwa hiyo gari likipandisha joto limesimama, feni ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka. Likipandisha joto linapokimbia, tafuta kwingine: rejeta iliyoziba, thamostati iliyoganda, pampu ya maji iliyochoka. Mpaka hapo mafundi wetu wengi wako sawa. Wanapokosea ni hatua inayofuata. Feni ikionekana haizunguki, waya wake unakatwa na kuungwa moja kwa moja kwenye umeme wa swichi ya funguo. Tangu hapo feni inavuma kila gari linapowashwa, na mwenye gari analipa akiamini tatizo limekwisha. Mafundi huita kazi hiyo kupiga dairekti. Hiyo si tiba. Feni iliyosimama mara nyingi ni nzima, kilichoharibika kiko mahali pengine, na mahali hapo panaweza kupatikana kwa vipimo vichache ambavyo gereji yoyote inavimudu.

Umeme wa feni una njia mbili, na asiyezitenganisha atabahatisha tu. Njia ya kwanza ni ya nguvu: kutoka betri, kupitia fyuzi ambayo mara nyingi ni ya ampea 30 au 40, kupitia relei, kuingia kwenye mota ya feni, kisha kurudi kwenye bodi ya gari kwa waya wa ethi. Njia ya pili ni ya amri: sensa au swichi ya joto inahisi maji yamefika nyuzi 95 hivi, inatoa taarifa, na taarifa hiyo, ama yenyewe au kupitia kompyuta ya gari, inaiamsha relei. Ukihesabu viungo vyote hivyo, mota ni kimoja tu. Hata hivyo ndiyo inayonunuliwa kwanza kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au Kirinyaga Road, kwa sababu ndiyo inayoonekana kusimama.

Kipimo cha kwanza kinapaswa kuwa cha mota yenyewe. Unachomoa plagi ya feni na kuipa umeme kutoka betri kwa waya mnene wenye fyuzi, kwa sekunde chache. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni hai na fedha ya kununua feni nyingine imeokoka. Ikisita, ikikwaruza, au ikihitaji kusukumwa kwa kijiti ndipo ianze, kaboni zake zimekwisha au beringi imekaza. Hapo kweli ibadilishwe. (Mikono na kamba za nguo zikae mbali: kwenye magari mengi feni huweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.) Kipimo cha pili hakihitaji kifaa. Kwenye magari mengi, ukiwasha AC feni hupokea amri hata kama maji hayajachemka. Ikizunguka kwa AC na kukataa kwa joto, mota imejitetea, na uchunguzi uhamie kwenye amri. Yapo magari yenye feni mbili, na yapo yenye feni moja ya kasi mbili inayotumia rezista kupunguza kasi. Rezista hiyo ikiungua, kasi ndogo inapotea na feni inangoja mpaka joto lipande sana ndipo ivume kwa kasi kubwa. Mwenye gari la namna hiyo ataambiwa feni ni mbovu, ilhali kilichokufa ni kipande kidogo pembeni yake.

Kipimo kinachoacha mafundi wengi njia panda ni cha volti. Fundi anachomoa plagi, anaweka mita, anasoma volti 12, anatangaza kwamba umeme unafika. Umeme unafika, ndiyo, lakini mita haivuti umeme wowote wa maana, na waya uliobaki na uzi mmoja mzima ndani ya mpira wake utaonyesha volti 12 zile zile. Ukweli unajulikana feni inapobeba mzigo. Tuchukue mota inayovuta ampea 15 na kiungo chenye kutu kilichoongeza ukinzani wa omu 0.2 tu, kiasi ambacho mita nyingi za bei nafuu hazikipimi kwa uhakika. Zidisha: volti 3 zimepotea njiani. Feni inapata volti 9 hivi, inazunguka kwa uvivu, na kiungo kile kinapata joto mpaka plagi inayeyuka. Kwa hiyo acha plagi mahali pake, feni ikiwa imeamriwa kuzunguka, pima kati ya nguzo chanya ya betri na waya wa umeme wa feni, kisha kati ya waya wa ethi wa feni na nguzo hasi. Kila upande usizidi nusu volti hivi. Upande unaozidi ndio wenye ugonjwa. Asiye na mita nzuri atumie balbu ya taa kubwa ya wati 55: ikiwaka kwa mwanga wa njano uliofifia kwenye plagi ya feni, njia ya nguvu ina kasoro hata kama mita ilisoma 12.

Kwa magari ya pwani, kuanzia Mtwara na Dar es Salaam hadi Zanzibar, Tanga na Mombasa, ningeanza na ethi kabla ya kitu kingine. Hewa ya chumvi hula mahali waya unapofungwa kwenye chuma cha bodi, chini ya boliti ambayo hakuna anayeifungua. Na hapo ndipo dairekti inapojidhihirisha ilivyo: waya mpya unavutwa upande wa chanya, ethi iliyooza inaachwa kama ilivyokuwa, na feni inaendelea kuzunguka nusu nguvu.

Upande wa amri kuna mtego mwingine. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1980 na 1990, swichi ya joto kwenye mfumo wa maji inakuwa imefunga njia ya umeme maji yakiwa baridi na inaiachia yakichemka. Kwa hiyo ukichomoa plagi yake na kuwasha swichi ya funguo, feni inapaswa kuzunguka. Watengenezaji walipanga hivyo makusudi, ili waya ukikatika feni ifanye kazi badala ya kusimama. Magari mengi ya Ulaya ya wakati huo yalipangwa kinyume: ukichomoa, feni husimama, na ili kuijaribu unaunganisha pini za plagi kwa kipande cha waya. Fundi anayejua mpango mmoja tu atalihukumu gari la mpango mwingine kwa makosa. Magari ya karibuni zaidi huiachia kompyuta kazi hiyo, ikisoma sensa ambayo ukinzani wake hushuka joto linapopanda, kutoka omu elfu mbili na zaidi maji yakiwa baridi hadi omu mia chache yakikaribia kuchemka. Hapo mita ya omu na maji ya moto vinatosha kuipima.

Na kuna nyakati ambazo feni haina kosa lolote. Maji yakipungua, sensa inabaki kwenye mvuke na kushindwa kuhisi joto halisi. Thamostati ikigoma kufunguka, maji moto hayafiki kwenye rejeta, na swichi iliyofungwa huko inabaki baridi huku injini ikiungua. Kifuniko cha rejeta kilicholegea ni hatari zaidi nyanda za juu. Nairobi na Mbeya ziko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko kikishindwa kuzuia shinikizo, maji matupu yanaweza kuanza kuchemka kabla feni haijapata amri ya kuwaka. Feni italaumiwa, itapigwa dairekti, na kifuniko cha bei ndogo kitabaki pale pale.

Wapo watakaosema dairekti imewafikisha mbali, na kwamba thamostati itazuia injini isipoe kupita kiasi. Hoja hiyo ina ukweli pale thamostati ipo. Lakini imani ile ile inayopiga feni dairekti ndiyo inayong'oa thamostati, na vikikutana injini inafanya kazi baridi, kompyuta inaongeza petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Hata thamostati ikiwepo, mota iliyoundwa kufanya kazi kwa vipindi inalazimishwa kuzunguka safari nzima na kaboni zake zinakwisha mapema. Alteneta inabeba mzigo wa bure kwenye barabara kuu, ambako upepo ungetosha. Na swichi ya funguo inapitisha ampea ambazo haikutengenezewa. Mara nyingi waya huo hauna fyuzi. Mota ikikaza siku moja, hakuna kitakachokatika isipokuwa waya wenyewe, kwa moto. Ni kosa la ukoo mmoja na kuweka uzi wa shaba mahali pa fyuzi iliyoungua: fyuzi ilikuwa shahidi, na shahidi amenyamazishwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la muda na fedha. Fundi analipwa kwa gari linaloondoka, halipwi kwa dakika arobaini za kupima, na mteja mwenyewe amesimama akiangalia saa. Hilo ni kweli, na lawama si ya fundi peke yake. Ila hesabu ifanywe mpaka mwisho. Kubadilishana relei na nyingine ya aina ile ile kwenye boksi la fyuzi, mara nyingi ya honi, ni kazi ya dakika moja. Mita ya kawaida na balbu ni bei ndogo kuliko feni ya mtumba, ambayo nayo ikifungwa chanya na hasi zikipishana itazunguka kinyume na kupambana na upepo wa barabarani. Gasketi ya silinda hedi ikiungua kwa sababu ethi haikuguswa, gharama yake haifanani na chochote kati ya hivyo. Dairekti ina nafasi moja halali: gari limekwama njiani, usiku, na linahitaji kufika gereji. Hapo ifungwe, lakini kwa fyuzi, kwa relei kama ipo, na kwa makubaliano kwamba itaondolewa.

Wewe mwenye gari, kabla ya kukubali feni mpya au waya mpya, mwombe fundi akuonyeshe mambo matatu kwa macho yako: feni ikizunguka kwa umeme wa betri, volti za pande zote mbili ikiwa na mzigo, na chanzo cha amri iliyokosekana. Umlipe kwa muda huo wa kupima, kwa sababu ni kazi halisi. Na kama gari lako tayari limepigwa dairekti, lirudishe gerejini sasa, wakati bado linatembea.