Majirani wa Karibi na Misafara ya Wapenda Biri

Katika nchi za Karibi, miezi ya Januari na Februari ni miezi ya kuvuna tumbaku, na ni miezi ambamo huonekana pia wageni wa namna ya peke yake. Huja kwa makundi, wakitanguliwa na kiongozi wa msafara, nao hawana haja kubwa na ufuko wala bahari. Haja yao ni biri, ile sigara nene isiyo na karatasi, iliyosokotwa kwa mkono kutokana na majani matupu ya tumbaku. Wengi wao ni watu wenye uwezo, waliozoea kuvuta biri makwao, na sasa wanataka kuliona shamba lilikotoka jani. Kwa mtazamo wa haraka hiyo ni anasa tu, isiyostahili kupewa nafasi baada ya taarifa ya habari. Lakini anayetaka kuelewa ugomvi wa majirani wa eneo lile atajifunza mengi kwa kuufuata msafara mmoja kuliko kwa kusoma matamko kumi ya mabalozi.

Tuufuate basi msafara wa Cuba, ambako ndiko chimbuko la sifa yote ya biri. Wageni hufikia Havana, kisha huchukuliwa kwa basi kuelekea magharibi, safari ya kiasi cha kilometa 160, hadi mkoa wa Pinar del Río. Huko liko eneo liitwalo Vuelta Abajo, lenye udongo mwekundu wa kichanga, na ndani yake miji midogo ya San Luis na San Juan y Martínez. Wajuzi wa biri hulitaja eneo hilo kama wanywaji wa mvinyo wanavyotaja baadhi ya vilima vya Ufaransa. Mkulima aliyejulikana kuliko wote huko alikuwa Alejandro Robaina, ambaye ukoo wake umelima tumbaku San Luis tangu 1845. Mwaka 1997 serikali iliipa biri mpya jina lake, na mpaka alipofariki Aprili 2010, akiwa na umri wa miaka 91, wageni walikuwa wakifika kwake kama watu wanaokwenda kuzuru.

Wanachoonyeshwa wageni ni kazi, na kazi yenyewe ni nzito. Mbegu husiwa kitaluni, na baada ya siku 45 hivi miche huhamishiwa shambani, ambako mara nyingi ardhi imelimwa kwa plau ya maksai. Majani yatakayofunika biri kwa nje hukuzwa chini ya vitambaa vyepesi vilivyotandazwa juu ya shamba zima, ili jua lisiyafanye kuwa mazito na yenye mishipa. Jani la biri halivunwi kwa kukata shina. Huchumwa moja moja kuanzia chini, na baada ya siku kadhaa mchumaji hurudi kuchuma yanayofuata juu. Kisha majani hutungwa kwa sindano na uzi, mawili mawili, na kuning'inizwa juu ya miti ndani ya mabani yaliyoezekwa kwa makuti. Hapo hukauka kwa hewa tu kwa muda wa siku 50 hivi, ndipo yafungwe mafungu na kuachwa yachachuke kwa joto lake yenyewe. Msikilizaji wa Tabora au Urambo ataona tofauti mara moja, maana tumbaku yake hukaushwa kwa moto wa kuni na huishia katika sigara za kiwandani. Wala hakuna basi la wageni linalokwenda Urambo kulipiga picha bani lake.

Kurudi Havana, msafara huingizwa viwandani. Humo wasokotaji huketi kwenye madawati kama wanafunzi, na mbele yao, juu ya jukwaa, huketi mtu ambaye kazi yake ni kusoma kwa sauti. Desturi hiyo ilianza 1865 katika kiwanda cha El Fígaro. Wafanyakazi wenyewe walichanga fedha za kumlipa msomaji, naye akawasomea magazeti na riwaya huku mikono yao ikiendelea na kazi. Mwaka uliofuata tu watawala wa Kihispania waliipiga marufuku, maana waliona kwamba msokotaji anayesikiliza huanza kuuliza maswali. Marufuku hiyo haikudumu. Biri mbili mashuhuri, Montecristo na Romeo y Julieta, zina majina ya vitabu: moja riwaya ya Dumas, nyingine tamthilia ya Shakespeare. Wacuba waliohamia Tampa, katika Florida, walikwenda na msomaji wao. Mwaka 1931 wenye viwanda wa huko walimwondoa, wakidai anawachochea wafanyakazi, na mahali pake wakaweka redio. Sisi tunaofanya kazi ya redio hatuna hakika kama tujivunie habari hiyo.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Baada ya mapinduzi ya 1959, serikali ya Fidel Castro ilitaifisha viwanda vya tumbaku mwezi Septemba 1960. Februari 1962 Rais Kennedy wa Marekani alitia saini amri ya kuzuia biashara na Cuba. Msemaji wake, Pierre Salinger, alisimulia baadaye kwamba jioni ya kuamkia siku hiyo Rais alimtuma kumtafutia biri 1,000 za Cuba, na alipoleta 1,200 ndipo Rais akachukua kalamu. Tangu siku hizo, Florida, ambayo iko umbali wa kilometa 150 hivi kutoka kisiwa hicho, imekuwa soko lililo mlangoni lakini lililofungwa.

Wenye viwanda walionyang'anywa hawakukaa kimya. Wengi walikimbilia nchi jirani, nao wazoefu wa mashamba wakawafuata, wakapanda mbegu yenye asili ya Cuba katika bonde la Cibao huko Jamhuri ya Dominika, katika Danlí ya Honduras, na katika Estelí na Jalapa huko Nicaragua. Majina pia yaligawanyika. Hadi leo zipo biri za Montecristo na Partagás zinazotengenezwa Cuba, na nyingine zenye majina hayo hayo zinazotengenezwa Jamhuri ya Dominika kwa ajili ya soko la Marekani. Estelí nayo haikusalimika: viwanda vyake vilichomwa katika vita vya 1978 na 1979, na mwaka 1985 Rais Reagan aliiwekea Nicaragua marufuku ya biashara iliyodumu hadi 1990. Pamoja na hayo, katika miaka ya karibuni Nicaragua ndiyo iliyotangulia kuiuzia Marekani biri za mkono. Nicaragua na Jamhuri ya Dominika zina matamasha yao ya wapenda biri mwanzoni mwa mwaka, na Mmarekani huenda huko bila kuulizwa neno.

Kwenda Cuba si hivyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inakataza raia wake kwenda Cuba kwa utalii, na anayekwenda hana budi kuonyesha sababu iliyoruhusiwa. Hapa ndipo kiongozi wa msafara anapopata umuhimu usio wa kawaida. Kwa vipindi kadhaa, safari ya kundi yenye ratiba ya mafunzo na kiongozi aliye chini ya sheria za Marekani imekuwa mlango uliokubaliwa. Mlango huo umefunguliwa na kufungwa kwa kadiri ya aliyemo Ikulu ya Washington. Rais Obama aliupanua, na mwaka 2016 akaondoa kikomo cha biri ambazo msafiri aliweza kurudi nazo kwa matumizi yake. Mwaka 2019 Rais Trump aliifuta safari ya makundi, na Septemba 2020 akakataza biri kuingizwa hata mkobani. Rais Biden aliirudisha safari ya makundi mwaka 2022, lakini biri hakuiruhusu. Juni 2025 Trump, aliyekwisha kurudi madarakani, alitoa waraka unaotaka marufuku ya utalii isimamiwe kwa ukali na kumbukumbu za kila safari zitunzwe kwa miaka isiyopungua mitano.

Mwenye kuumia kwa geuza-geuza hiyo ni nani? Jibu liko katika hesabu ambayo wakulima wa Viñales huwaeleza wageni wao: sehemu tisa kwa kumi za mavuno huuzwa kwa serikali, kwa bei iliyopangwa na serikali, na sehemu moja hubaki kwa mkulima. Shirika la Habanos, lililoundwa 1994 na ambalo nusu yake imo mikononi mwa wenye mitaji wa nje, lilitangaza mapato ya dola milioni 721 kwa mwaka 2023. Fedha hizo hupita mbali na bani la makuti. Ile sehemu ya kumi ndiyo ambayo mkulima huisokota mwenyewe, akaifunga bila chapa, na kumwuzia mgeni aliyeketi barazani kwake akinywa kahawa. Tunaweza kuudhihaki msafara wa matajiri wanaopuliza moshi, lakini kwa mkulima yule huo ni soko pekee ambamo anataja bei yake mwenyewe.

Tamasha kubwa la biri la Havana, lililoanza 1999, kwa desturi humalizika kwa mnada wa makasha ya fahari, na fedha zake hupelekwa kwenye huduma za afya za taifa. Wako watakaoona ajabu kwamba moshi unanunua dawa. Castro mwenyewe aliacha kuvuta biri mwaka 1985, akiunga mkono kampeni ya afya nchini mwake.

Tarehe 27 Septemba 2022 kimbunga kilichoitwa Ian kiliipiga Pinar del Río na kubomoa mabani kwa maelfu, wakati wa kuandaa vitalu. Mbao, misumari na mafuta ya matrekta vilikuwa adimu. Oktoba 2024 umeme ulikatika kisiwa kizima. Mkulima anayejenga upya bani lake hutazama pande mbili: Havana, inakopangwa bei ya jani lake, na Washington, inakopangwa kama wageni wa mwakani watafika. Kwa upande wa pili, katika uwanja wa ndege wa Miami, bwana forodha akifungua mkoba hulipitisha kasha lililotoka Estelí, na lile lililotoka San Luis huliweka kando.