Unatafuta kitu kimoja, mashini inakuletea kingine



Juzi jioni mama katibu wetu alinipigia telefone, sauti chini kama mtu anayeleta habari ya msiba. "Mwalimu, mashini ya shirika imekufa. Ukija, kuja na mtu anayejua." Mtu anayejua sina. Mimi nafundisha watoto, diplome yangu ya ISP si ya kurekebisha mashini. Lakini nilienda, kwa sababu ndani ya mashini ile kuna hesabu za AVEC yetu za miaka 3: nani ameweka, nani amekopa, nani bado ana deni.

Mashini haikuwa imekufa, iliwaka vizuri. Shida ilikuwa hii: mama katibu anaandika kwenye Google "mfano wa statuti za shirika", anabonyeza jibu la kwanza, na mashini inamfungulia ukurasa wa dawa za kupunguza tumbo. Anarudi, anajaribu tena, anapelekwa mahali pengine. Kisha ukurasa mwekundu unajaa kioo kizima, mlio unalia, na maandishi yanasema mashini ina virusi, usiizime, piga namba hii haraka. Mama mweka hazina alikuwa ameshashika telefone mkononi.

Nianzie hapo, maana hapo ndipo feza zinapotea. Ukurasa ule ni wa wezi. Microsoft imeeleza wazi kwamba maonyo yake ya kweli hayana namba ya telefone hata siku moja. Ukipiga, mtu mwenye sauti tamu atakuomba uweke programu ya kumruhusu aingie katika mashini yako kutoka mbali, halafu atadai malipo. Funga ukurasa. Ukikataa kufungika, bonyeza Alt na F4 pamoja, ao zima mashini kabisa. Ukiwasha tena na programu ikuulize kama irudishe kurasa za mbele, kataa.

Kesho yake fundi mmoja alituambia dawa ni moja tu: kufomata, dola 15. Tulimshukuru, tukaomba siku 2. Kufomata kunafuta kila kitu, hesabu za AVEC pamoja nazo, na hakuna aliyetuuliza kama tumeziandika pengine. Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa virusi. Tulikata intaneti, tukachukua kle USB mpya, tukanakili mafaili ya Excel na ya Word tu. Programu hatukuzigusa. Wengi wenu mnajua ugonjwa wa kle za siberi: unafungua, mafaili yote yamegeuka "raccourci". Mara nyingi mafaili yenyewe hayajafutwa, yamefichwa tu. Usibonyeze hizo raccourci, maana kwa kuzibonyeza ndipo virusi vinaingia katika mashini yako.

Sasa kutafuta kosa liko wapi. Nilifanya kama ninavyofanya na mtoto asiyesoma ubaoni: kwanza unajua kama ni macho yake ao ni ubao. Tulichukua telefone ya mama mweka hazina, kwenye rezo ileile, tukatafuta maneno yaleyale. Majibu yakaja sawa. Basi rezo haina kosa, kosa liko ndani ya mashini. Kama telefone nayo ingepotea njia, tungeangalia modemu. Kisha tukajaribu programu mbili za kufungulia intaneti, Chrome na Firefox. Chrome ilitupeleka kwenye dawa za tumbo. Firefox ilikataa kufungua karibu kila kitu, ikionya kwamba muunganisho si salama.

Hapo mama katibu alishika kichwa. Lakini angalieni pembe ya chini ya kioo: saa ya mashini ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Kila ukurasa salama una cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashini ikidhani tuko mwaka mwingine, inaona vyeti vyote ni vya uongo na inafunga mlango. Chrome nayo, ikikutana na jambo hilo, inatoa onyo lake. Tulisahihisha saa, Firefox ikafunguka. Mashini yetu ilikuwa na magonjwa 2, na moja halikuwa virusi hata kidogo. Ndani ya mashini nyingi za meza mna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, imeandikwa CR2032. Ikiisha, kila SNEL inapokata umeme saa inapotea. Betri hiyo ni ya bei ndogo.

Ikabaki Chrome. Kwenye nukta 3 za juu kulia tulifungua "Paramètres", kisha "Moteur de recherche". Badala ya Google palikuwa na jina ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia. Upande wa "Extensions" tukakuta kijiprogramu cha kugeuza PDF kuwa Word. Mama katibu akakumbuka: mwezi uliopita alikitafuta, akabonyeza kifungo kikubwa cha kijani cha "Télécharger". Vifungo vikubwa vya kijani mara nyingi ni matangazo. Kile cha kweli ni kidogo, kimekaa pembeni. Tulikiondoa, tukabonyeza "Réinitialiser les paramètres". Hiyo haifuti maneno ya siri yaliyohifadhiwa wala kurasa ulizoziweka alama, lakini itabidi uingie upya katika imeli yako. Tukaondoa pia ruhusa za "Notifications" kwa kurasa tusizozijua, kwani nyingi za kelele za "una virusi" zinapitia huko.

Kuna wanaosafisha hivyo na bado hakuna ukurasa unaofunguka. Waangalie "Réseau et Internet", kisha "Proxy". Programu mbaya huweka pale njia yake ya kupitishia intaneti. Ukiifuta programu, njia inabaki ikielekea mahali pasipo na mtu. Kama ninyi hamkuweka proxy, zimeni.

Msidhani ni mchezo wa watoto. Mwezi wa 11 mwaka 2011 polisi wa Estonia walikamata watu 6 kwa ajili ya virusi vilivyoitwa DNSChanger. Intaneti ina kitabu chake cha anwani kinachogeuza jina la ukurasa kuwa namba. Virusi hivyo viliifanya mashini isome kitabu cha wezi. Kwa hesabu ya FBI ya Marekani, mashini karibu milioni 4 katika inchi zaidi ya 100 ziliguswa, na wezi walipata dola milioni 14 hivi kwa matangazo. FBI iliacha vitabu vya kweli vikifanya kazi kwa muda badala ya vile vya wezi, na vilipozimwa tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2012, mashini ambazo hazikusafishwa zilikosa intaneti. Dawa za tumbo za mama katibu ni biashara ya namna hiyohiyo: kila unapopelekwa usikotaka, kuna mtu analipwa.

Mwisho tulitumia dawa ambayo Windows 10 na 11 zinayo bila malipo: "Sécurité Windows", "Protection contre les virus et menaces", "Options d'analyse", halafu ile yenye maneno "hors ligne". Mashini inajizima na kujikagua kabla virusi havijaamka. Ni kama dakika 15, kwetu ilikuwa zaidi. Fanyeni betri ikiwa imejaa, ama siku umeme umetulia.

Dola 15 za kufomata zilibaki katika kisanduku. Neno la siri la imeli ya shirika tulilibadilisha kwa telefone ya mama mweka hazina, si kwa mashini, maana hatukutaka kuandika neno jipya mbele ya mwizi ambaye labda bado yuko. Na kle yenye hesabu sasa inakaa kwake, pamoja na kaye ya zamani ya karatasi, ambayo mama katibu alitaka kuitupa mwezi wa kwanza.