Maili Kumi za Mwezi Machi

Kila mwezi Machi, shirika la hisani la Combat Stress la Uingereza huwaalika watu watembee maili 10, takribani kilomita 16, ili kuchangia matibabu ya afya ya akili ya wanajeshi wastaafu. Mwenye nguvu huzimaliza kwa siku moja. Mwingine huzigawa mwezi mzima, kidogo kidogo, wakati wa mapumziko ya mchana. Baadhi huzitembea na wenzao wa kazini.

Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1919, vita kuu ya kwanza ilipokuwa imekwisha kwenye medani lakini haijaisha vichwani mwa waliopigana. Askari walirudi wakitetemeka, wengine wakiwa wamepoteza usemi au usingizi. Daktari Charles Myers alikwisha kuandika habari za wagonjwa wa aina hiyo katika jarida la The Lancet mwaka 1915, na mwanzoni mshindo wa mabomu ndio uliodhaniwa kuwa chanzo. Jeshi halikuwa na subira nao. Askari 306 wa Uingereza na himaya yake waliouawa kwa kupigwa risasi na jeshi lao wenyewe, kwa makosa kama utoro na uoga, walisamehewa rasmi mwaka 2006 tu, na inaaminika kwamba baadhi yao walikuwa wagonjwa. Jina la leo la maradhi ya namna hiyo, ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, liliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya kilio cha muda mrefu cha waliorudi kutoka Vietnam.

Ugonjwa huo hauonekani kwa macho. Mtu aliyepigana Afghanistan anaweza kuwa mfanyakazi hodari ghalani, lakini kreti ikianguka sakafuni, ameshajibanza ukutani kabla hajatambua ni kitu gani kimelia. Kwenye kantini huchagua kiti kinachoutazama mlango. Usiku ndoto humrudisha kulekule, na asubuhi huripoti kazini akiwa amechoka na mwepesi wa hasira. Wenzake humwona mkali tu.

Hapo ndipo matembezi ya kazini yanapopata maana yake. Katika sensa ya mwaka 2021, watu wapatao milioni 1.85 wa England na Wales walisema wamewahi kutumikia jeshi. Zaidi ya nusu walikuwa wamefikisha miaka 65, lakini waliobaki ni mamia ya maelfu ya watu wa umri wa kufanya kazi, na hakuna sare inayowatambulisha.

Utaratibu wake ni mwepesi. Mfanyakazi mmoja huunda timu, hufungua ukurasa wa michango kwenye intaneti, na simu za washiriki huhesabu hatua. Ndugu na marafiki huchangia, na kila senti ina njia ya kuongezeka. Mlipa kodi wa Uingereza akitoa pauni 20, shirika la hisani linaruhusiwa kudai pauni 5 zaidi kutoka mamlaka ya kodi. Mwajiri akikubali kutoa kiasi sawa na cha mchangiaji, pauni 20 zile zimekuwa 45.

Fedha hizo zinahitajika kwa sababu tiba ya kiwewe ni kazi ya wataalamu na huchukua muda. Mgonjwa husaidiwa kulikabili tukio lenyewe hatua kwa hatua, badala ya kulikimbia, mpaka lipoteze makali. Njia mojawapo humtaka alikumbuke huku macho yake yakifuata mkono wa mtaalamu kushoto na kulia. Mwanasaikolojia Francine Shapiro alieleza kwamba wazo hilo lilimjia mwaka 1987 akitembea bustanini.

Kutembea peke yake si tiba ya ugonjwa huu, na haifai kumwahidi mtu hivyo. Hata hivyo, kuna jambo matembezi hulifanya vizuri kuliko mkutano wowote wa ofisini: watu wanaokwenda bega kwa bega hawatazamani usoni, ukimya wao haumwaibishi mtu, na neno lililokaa miaka mingi kooni huweza kutoka. Likitoka, lisikilizwe. Aliyelitoa asiulizwe ameua wangapi, swali ambalo wanajeshi wastaafu huulizwa mara nyingi mno na huwafunga midomo. Mwenzake anachoweza kufanya ni kumwelekeza panapostahili: kwa daktari wake, kwa simu ya msaada ya Combat Stress inayopokewa saa 24, au kwa Op COURAGE, huduma ya afya ya akili ya wanajeshi wastaafu iliyo chini ya NHS, huduma ya afya ya umma, nchini England. Akionyesha dalili za kutaka kujidhuru, asiachwe peke yake, na simu ya dharura ipigwe palepale.