Wimbo Uliopanda Treni

Sogeeni karibu na jiko, wapwa zangu. Baridi ya Mau Narok haina adabu, na redio inapiga kantri tena. Huku Bonde la Ufa utaikimbia wapi kantri?

"Mjomba, huyu anaimba nini?"

Swali zuri hilo! Ameachana na mpenzi wake. Anapanda treni, anaenda zake. Wimbo unaitwa "I'm Moving On". Mtunzi ni Hank Snow, mzaliwa wa Kanada. Mwaka 1950 uliongoza nyimbo za kantri kule Marekani kwa wiki 21.

"Lakini ana huzuni! Mbona wimbo unaenda mbio?"

Kichwa hicho, mwanangu! Tuliulize gitaa.

"Mimi ndimi treni," likasema gitaa. "Chaka-chaka, chaka-chaka: hayo magurudumu. Gitaa mwenzangu amelazwa mapajani, chuma kinateleza juu ya nyuzi zake. Huyo ndiye king'ora. Bwana alie atakavyo, mimi sisimami."

Mmeliona lori la viazi likikwama kwenye matope yetu? Dereva hakai akilia juu ya usukani. Lori linanguruma, linayumba, linanguruma tena, linatoka. Matope bado yamelishika magurudumu, lakini linaenda. Ndivyo anavyoenda bwana wa wimbo, na matope yake.

"Hank alifundishwa na nani?"

Alimsikiliza sana Jimmie Rodgers, mwimbaji aliyewahi kufanya kazi kwenye reli. Alimpenda hata akampa mwanawe jina lake. Rodgers alifariki 1933, lakini santuri zake hazikufa. Zilisafiri. Zikafika wapi? Huku kwetu! Mwaka huohuo wa 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikwenda Kapkatet, ng'ambo ya msitu wa Mau, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha. Ndiye Jimmie Rodgers huyo! Sauti waliijua, mwenyewe hawakumwona. Basi wakamfanya nusu mtu, nusu swala. Kwangu mimi, hiyo ni heshima kubwa kuliko wiki 21 za kuongoza.

"Mjomba, na yule aliyeachwa? Yeye anasema nini?"

Lo! Hapo umenishika. Wimbo mzima hasemi hata neno. Labda alilia. Labda alishukuru, akapika chai. Ewe gitaa, alisemaje?

"Msiniulize mimi," likasema gitaa. "Nilikuwa ndani ya treni."